Mkaguzi na Mstari wa Chini ya Skrini

Kosa nililofanya mapema katika kazi hii ni kuamini sentensi fupi. Edita, yaani ile programu tunayotumia kuandika programu nyingine, ina mstari mwembamba chini kabisa ya skrini. Ukimaliza kuhifadhi kazi yako na kuituma, maneno machache hutokea pale. Edita yangu ilikuwa ikiongea Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: hakuna kilichobaki, uko sawa na seva. Nilikuwa nikiyaona maneno hayo, mabega yanashuka. Nilijifunza kazi hii peke yangu, kwenye simu, kwa video za watu ambao hawakujua kama niko duniani, na hakukuwa na mtu wa kuniambia nimefanya vizuri au vibaya. Kwa hiyo chochote kilichosema niko sawa, hata kama ni mstari wa rangi ya kijani, nilikishika kwa mikono miwili.

Mtu aliyenitoa kwenye tabia hiyo tulimwita Mkaguzi. Alikuwa na jina, na lilikuwa mlangoni kwa herufi ndogo, lakini hakuna aliyelitumia.

Ofisi yetu iko Nakuru, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo, na ukiingia asubuhi ngazi zote zinanuka dawa ya kupe. Programu yetu kubwa ni moja. Kila jioni inawatumia wafugaji wa upande wa Njoro na Elburgon meseji kuwaambia lori la maziwa litapita kwenye kituo chao saa ngapi kesho yake. Sisi tunaibadilisha kwenye laptop zetu, kisha mabadiliko yanaenda kwa seva, ile kompyuta kuu inayotuma meseji zenyewe. Kila badiliko linabaki kwenye historia likiwa na jina la aliyelifanya na ujumbe mfupi wa kusema ni la nini. Lakini kabla ya kufika huko, lazima lisomwe na mtu mwingine. Mtu huyo mwingine alikuwa yeye.

Alikuwa amepita miaka hamsini, mrefu, mwenye sweta ya kijani iliyoonekana kama ya sare ya shule, na kalamu nyuma ya sikio ambayo sikuwahi kuiona ikiandika. Nilichotaka kwake kilikuwa kitu kimoja, na nakisema mapema ili isionekane kwamba nilimfuata kwa mapenzi tu. Nilitaka ruhusa. Kuna watu waliokuwa wakituma kazi yao moja kwa moja kwa seva bila kupita mikononi mwake. Mimi kila kitu changu kilipita. Alikisoma, akakirudisha na neno moja: "Kwa nini?" Hakuwa anapinga. Alitaka kujua kama najua. Mara nyingi sikujua, na jioni nilibaki nikikiandika upya hadi kisibaki na hata sehemu moja ya kuulizwa. Mtu akishakupa kwa mkono wake ruhusa ya kutosomwa, niliwaza, basi umekuwa mtu wa kazi.

Neno lake la pili lilikuwa "Uliuliza?"

Hilo hakulitumia ofisini tu. Chini, karibu na stendi ya boda boda, kulikuwa na kibanda cha Nekesa, ambako wengi wetu tulikula. Siku yangu ya kwanza kula na Mkaguzi nilimsikia akiagiza.

"Chapati ziko?"

"Ziko," Nekesa akasema.

"Umeziona saa ngapi?"

"Mkaguzi, nilizipika na hii mikono. Unataka nizilete zitoe ushahidi?"

"Ulizipika asubuhi. Kaangalie."

Nekesa akaenda nyuma ya pazia, akakaa kidogo, akarudi akijifuta mikono kwa leso. "Leo kula ugali tu," akasema, na watu wote wa benchi wakacheka.

Mkaguzi alikuwa hivyo kwa kila kitu. Hakupanda boda boda kwenda ofisi yoyote ya serikali kabla ya kupiga simu, na akiambiwa afisa yuko, aliuliza yuko kwenye kiti au yuko Nakuru. Akiambiwa mvua imenyesha Molo, aliuliza nani amesema, na huyo aliyesema alikuwa amesimama wapi. Wambui, aliyekaa meza inayotazamana na yangu, alimwambia siku moja kwamba hata siku ya kiyama atauliza tarumbeta imepigwa na nani. Mkaguzi akafikiri, akasema hilo ni swali zuri.

Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu ule mstari wa chini. Alivuta kiti, akaweka kidole kwenye skrini yangu, kitu nilichokichukia kwa sababu naifuta kila asubuhi.

"Hii inasema nini?"

"Niko sawa na seva."

"Uongo. Laptop yako imeongea na seva saa ngapi?"

Sikujua.

"Haijaongea. Inakulinganisha na habari za mara ya mwisho ilipouliza. Ukikaa wiki nzima bila kuuliza, itakuambia uko sawa, na ni kweli, uko sawa na wiki iliyopita. Ni kama nikuulize mzee wako wa nyumbani yuko aje, useme yuko poa, kwa sababu Krismasi alikuwa poa. Kijana, uliza kwanza. Halafu ndio usome."

Nilimpenda siku hiyo. Nilikuwa nimeutazama mstari ule kwa zaidi ya mwaka, na hakuna video hata moja iliyoniambia kwamba unaweza kusema ukweli wa jana kwa sauti ya leo.

Edita yake mwenyewe haikuwa na rangi. Alizima zote. Maandishi meusi kwenye nyeupe, kama gazeti. Alisema kijani kinamlaza na nyekundu inamtisha, na kazi yake haihitaji mtu aliyelala wala aliyetishika. Ukimpa laptop yako aangalie kitu, jambo la kwanza alilofanya ni kuzima rangi zako, na hakukumbuka kuzirudisha.

Sasa, mtu huyo huyo, ukifungua historia ya programu yetu utamkuta ameandika ujumbe ambao mtoto wa shule angeadhibiwa. Sisi alitulazimisha kuandika sentensi nzima: umebadilisha nini, kwa sababu gani, na nani atahisi. Wambui aliwahi kurudishiwa kazi kwa sababu aliandika "marekebisho madogo" bila kusema madogo kwa nani. Lakini yake yalisema "Marekebisho." Yalisema "Tena." Yalisema "Usafi kidogo," na hilo ndilo alilolipenda, kwa sababu alikuwa na tabia ya kupitia faili jioni akinyoosha mistari na kuondoa vitu vilivyokaa ovyo, kama mtu anayefagia duka lake kabla ya kufunga.

"Mbona wewe huandiki sentensi?" Wambui akamuuliza.

"Kwa sababu ujumbe ni wa kutuliza watu. Usisome ujumbe, soma kilichobadilika."

"Basi mbona sisi tuandike?"

"Kwa sababu nyinyi bado mnahitaji kutulizwa."

Alijua kuongea. Kitu alichoshindwa kusema ni pole. Hata kwa mambo madogo, neno lilimkwama. Mara moja alimfokea Wambui mbele ya wageni kwa kosa ambalo baadaye lilionekana ni lake. Asubuhi iliyofuata Wambui alikuta hindi la kuchoma kwenye kibodi yake, limefungwa vizuri ndani ya maganda yake, bado lina joto.

"Hii ni pole ama ni breakfast?" akauliza kwa sauti.

"Ni hindi," Mkaguzi akasema bila kugeuka.

Kwa hiyo tulijua. Ukiona hindi, umeombwa msamaha. Hakuna aliyesema lolote, na hindi liliwa.

Alikuwa pia na kanuni moja ambayo sijaikuta kwenye ofisi nyingine yoyote. Kosa likivuka ofisi na kuwafikia wafugaji, aliyelifanya hakuandika barua pepe wala maelezo. Alienda kusimama kituoni. Alienda asubuhi, wakati watu wanaleta maziwa, akasema mbele yao alichofanya, akasaidia kuinua mitungi hadi lori liondoke. Mkurugenzi wetu aliona ni kupoteza mafuta ya gari. Mkaguzi alisema meseji yako ilimtoa mtu kitandani, na wewe toka. Alienda na kila mtu aliyeenda. Alisimama kando, mikono nyuma, hakukusaidia hata kwa neno.

Mimi nilienda mara moja.

Ilikuwa wakati wa mvua kubwa. Wiki hiyo hiyo Mkaguzi alikuwa amenipa ruhusa, bila sherehe, akipita nyuma ya kiti changu: "Kuanzia leo tuma mwenyewe." Niliandika tarehe kwenye ukurasa wa mwisho wa Biblia yangu, naona aibu kusema hivyo lakini niliandika. Barabara ya chini ya upande wa Elburgon ilikatika, na dereva wa lori akasema kile kituo cha karibu na kinu cha posho atakipitia kwanza, saa kumi na moja alfajiri badala ya saa mbili. Nilipewa kazi ya kubadilisha saa hiyo. Ni mstari mmoja. Niliubadilisha, nikausoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, nikatuma. Mtandao ulikuwa unasuasua. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, kisha mstari wa chini ukasema hakuna kilichobaki, uko sawa na seva. Nikafunga laptop, nikaenda nyumbani.

Meseji zilizotoka jioni zilisema saa mbili.

Lori lilipita saa kumi na moja, halikukuta mtu. Watu wakaja saa mbili na maziwa ya jioni na ya asubuhi, wakasubiri kwenye matope hadi jua likawa juu. Mengine waliuza kwa majirani kwa bei ya huruma. Mengine yalipewa ndama na mbwa. Mengine yalimwagwa pale pale.

Mkaguzi alisimama nyuma ya kiti changu tulipofungua seva. Badiliko langu halikuwepo. Kwenye laptop yangu lilikuwepo, na tulipoiambia laptop iulize upya, mstari wa chini ukageuka: una badiliko moja ambalo seva haina.

"Ulituma?" akaniuliza.

"Nafikiri nilituma."

"Unafikiri."

"Iliniambia niko sawa."

Aliutazama ule mstari wa chini. Kisha akasema, bila ukali, "Nilikueleza kuhusu hii kitu," na ni ule upole ulionimaliza. Nilikuwa nimeelezwa. Nilikuwa nimeelezwa na kidole chake kwenye skrini yangu, na bado niliamini.

Kesho yake alfajiri tulikuwa kituoni, mimi na yeye. Kulikuwa na ukungu na watu kama kumi hivi waliojifunika magunia. Nilisema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba. Mwanamke mmoja, Mama Chebet, aliyepoteza maziwa ya ng'ombe wote watatu, alinitazama toka viatu hadi kichwa.

"Kwa hivyo wewe ndiye Saa Mbili," akasema.

Watu wakacheka, na jina likakaa. Tangu siku hiyo, kila nilipopita upande ule kwa kazi, watu waliniita Saa Mbili. Dereva wa lori aliniita hivyo. Hata Nekesa alilisikia mahali, akanipa chai akisema, "Saa Mbili, sukari ngapi?" Niliinua mitungi asubuhi ile hadi lori likaondoka. Mkaguzi alisimama kando, mikono nyuma.

Ruhusa iliondolewa siku hiyo hiyo. Miezi ikapita, nikamuuliza kama naweza kurudishiwa. "Bado," akasema. Mwaka ukapita, nikauliza tena. "Bado." Nilibandika ukutani karatasi ya mambo ya kuangalia kabla ya kutuma, nikaiongeza hadi ikashuka nyuma ya meza. Nilianza kupiga picha ya skrini kila nilipotuma, ili niwe na ushahidi. Nilikuwa na picha nyingi za skrini kuliko za watu wa familia yangu. Wafanyakazi wapya walikuja, wakapewa ruhusa, mmoja wao akiwa mdogo kwangu, na mimi kila kitu changu bado kilipita kwa Mkaguzi, kikarudi na "Kwa nini?" Sikumlaumu. Nilijilaumu, na hilo nalifanya bila shida.

Kuna jambo moja nililiona wakati huo na sikulielewa. Kila mara alipokuwa na shughuli upande wa Molo, Mkaguzi alishukia kwenye kituo kile. Dereva aliniambia. Alisimama na wafugaji, akainua mitungi, akaondoka. Yeye ambaye hakuwahi kuinua mtungi mbele yetu. Nilidhani anakagua kama kosa langu bado linaongelewa.

Kisha akaondoka. Macho yalikuwa yakimsumbua, na binti yake aliyekuwa Gilgil alitaka awe karibu. Siku ya mwisho kulikuwa na soda na keki. Alituaga kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Aliponifikia alinishika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine, akafungua mdomo, kisha akasema nisafishe skrini yangu. Jumatatu nilikuta hindi kwenye meza yangu. Limepoa, kwa hiyo lililetwa mapema na mtu mwingine kwa niaba yake. Nilidhani ni la kuaga.

Mwaka huu binamu yangu aliomba laptop yangu ya kwanza, ile iliyovunjika skrini muda mfupi baada ya siku za Elburgon na kukaa kabatini tangu hapo. Nilimtafutia fundi akabadilisha skrini. Kabla ya kuifuta niliifungua nione kama kuna kitu cha kuhifadhi. Edita ilifunguka pale pale nilipoiachia. Na laptop, tofauti na mstari wake wa chini, huandika kimya kimya kila hatua uliyowahi kufanya, mahali ambapo watu wengi hawaangalii. Wakati ule sikujua kwamba mahali hapo papo. Siku hizi najua.

Nilitafuta mistari ya jioni ile ya mvua. Ilikuwa imeandikwa bila maneno mengi: imetumwa, seva imepokea.

Nilikaa nikitazama mistari hiyo kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliopita mtihani, akiogopa kwamba ni la mwingine. Kisha nilichukua laptop ninayotumia sasa, nikafungua historia ya seva, nikashuka hadi jioni hiyo hiyo. Badiliko langu halikuwepo, kama tulivyoona wakati ule. Kulikuwepo lingine, la saa ile ile ya jioni, kwenye faili ile ile, la Mkaguzi. Ujumbe wake ulisema, "Usafi kidogo."

Nilikuwa nimepita juu ya mstari huo mara nyingi. Sikuwahi kuufungua, kwa sababu ulisema ni usafi, na kwa sababu ulikuwa wake. Nikaufungua. Alikuwa amenyoosha faili akitumia nakala ya asubuhi, iliyokuwa bado inasema saa mbili. Kwa kawaida seva isingeipokea. Humkatalia yeyote ambaye hajachukua kwanza mabadiliko ya wenzake. Lakini Mkaguzi alikuwa na uwezo wa kuilazimisha, yeye peke yake ofisini, na alikuwa ameilazimisha. Nakala yake ya asubuhi ikakaa juu ya yangu, na yangu ikaondoka kama haijawahi kufika. Mstari wa chini ulikuwa umeniambia ukweli jioni ile. Aliyekosa kuuliza alikuwa yeye.

Nilimpigia. Sikumwambia sababu. Alisema nije Kikopey, pale kwenye nyama choma karibu na Gilgil, Jumamosi, tule.

Nilimkuta amekaa nje, sweta ile ile, miwani mizito. Kijana wa nyama alikuja akipangusa kisu.

"Wazee wangu, mbavu ama mguu?"

"Huyu mbuzi amechinjwa saa ngapi?" Mkaguzi akauliza.

"Mzee, huyu mbuzi hata hajaambiwa amekufa."

Mkaguzi akacheka kwa kweli, akasema mbavu. Tuliongea habari za ofisi, za Wambui aliyeolewa, za macho yake. Nyama ikaja juu ya ubao, na kachumbari, na ugali. Nikangoja amalize kunawa na kujifuta mikono, kisha nikaitoa ile laptop ya zamani, nikaiweka kati yetu, nikaifungua kwenye mistari ile.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima rangi. Kisha akasogeza uso karibu na skrini, akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko mistari yenyewe. Kwenye meza ya pili watu walikuwa wakibishana kuhusu mpira.

"Uliiona lini?" akauliza.

"Juzi."

"Mimi niliiona jioni ya ile siku tulitoka kituoni."

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta hajui. Nilikuwa hata na maneno ya kumfariji.

"Ukanyamaza," nikasema.

"Nilisema nitakuambia Jumatatu. Jumatatu ukaja na ile karatasi yako, umeibandika kwa ukuta. Nikasema wacha, imemsaidia, amekuwa mwangalifu." Akaisukuma sahani ya kachumbari, ingawa haikuwa njiani mwake. "Hiyo pia ni uongo. Niliona aibu. Nimekaa miaka nikiwauliza watu, uliuliza? Halafu mimi nikakosa kuuliza, na nikakupeleka wewe kusimama."

"Na ruhusa?"

"Ningekurudishia, ungesema mbona sasa. Ningejibu nini?"

"Kwa hivyo ilikuwa bado, bado."

"Ilikuwa bado mimi," akasema. "Si wewe."

Sikukasirika vile nilivyotarajia. Nilihisi uchovu, kama mtu aliyebeba mzigo hadi mlangoni akaambiwa ni nyumba ya jirani. Nyama ilikuwa inapoa na hakuna aliyeigusa. Nilimuuliza swali moja tu.

"Ile kanuni ya kusimama kituoni ilikuwa ya nani?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena.

"Siku hizi lori linapita saa ngapi pale kwa posho?"

"Sijui," nikasema. "Tuulize."

Tulimpigia dereva papo hapo. Wiki iliyofuata binti wa Mkaguzi alimleta baba yake hadi Njoro, nami nikampeleka kutoka hapo. Tulifika kukiwa na baridi, watu wamepanga mitungi kando ya barabara, wengine wameketi juu yake. Mama Chebet alikuwepo, amenenepa kidogo, na kofia ya sufu.

"Saa Mbili," akanisalimia. "Leo umeharibu nini tena?"

"Leo si mimi, mathe. Huyu mzee ana neno."

Walimjua kwa sura, kama mtu anayekuja kuinua mitungi. Akasogea mbele. Mikono ilikuwa nyuma, akaitoa, akawa hajui pa kuiweka.

"Yale maziwa ya wakati wa mvua," akasema, "yale mlimwaga. Ni mimi niliharibu. Huyu kijana alikuwa amefanya kazi yake ikafika. Mimi nikaifuta bila kuangalia. Halafu nikamleta hapa akasimama mahali pangu, na nilipojua nikanyamaza. Poleni. Na wewe," akanigeukia, na nilidhani angeishia hapo, lakini akaendelea, "pole."

Mzee mmoja aliyekaa juu ya mtungi akakohoa.

"Na ule msamaha tulimpa huyu kijana," akauliza, "anaurudisha ama inakuwa aje?"

"Akae nao," Mama Chebet akasema. "Atauhitaji siku ingine." Kisha akamwangalia Mkaguzi toka viatu hadi kichwa, kama alivyoniangalia mimi. "Kumbe Saa Mbili ni wewe."

Wakacheka, na yeye pia akacheka, akiwa amechelewa kidogo. Lori lilipokuja aliinua mitungi pamoja nao. Niliinua pia, ingawa haikuwa zamu yangu. Tukirudi, karibu na Njoro, kulikuwa na mwanamke anachoma mahindi. Nikapunguza mwendo. Mkaguzi aliyatazama, akasema, "Twende tu."

Ofisini nilirudishiwa ruhusa mwezi uliofuata, baada ya kumwonyesha mkurugenzi ile laptop. Karatasi ya ukutani nimeitoa, na picha za skrini nimezifuta. Ninapofungua historia ya programu sasa naangalia kilichobadilika, hata kama ujumbe unasema ni usafi, na hata kama aliyeandika ni mtu ninayemheshimu. Ule mstari wa chini wa edita yangu niliuandika upya kwa Kiswahili. Hausemi tena kwamba niko sawa na seva. Unasema niliuliza lini mara ya mwisho.